Chaza Waliooshwa

Sehemu ya kumi na moja

"Saini."

Msomaji, hapo ndipo tulipomwacha Sindano, kalamu mkononi na karatasi mbili mbele yake juu ya meza ya Mkuu wa maabara. Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye mashine asubuhi ileile, na ilisema kwamba chaza wa ghuba hawana sumu hata chembe. Ya pili, barua ya kuifungua tena ghuba, ilikuwa na sentensi moja iliyochapwa, ikisubiri jina lake chini: kwamba wiki tatu zilizopita, alipoifunga ghuba, alikosea.

Kwa aliyejiunga nasi leo, Sindano ndiye mpimaji wa sumu za baharini katika maabara hii. Ghuba aliyoifunga ina mfugaji mmoja tu wa chaza, naye ni kaka yake wa tumbo moja. Leo saa sita mchana kaka mtu amewaita wanunuzi na waandishi wa habari. Atakula sahani nzima ya chaza wake mbele yao, ili kila mtu aone nani mwongo katika familia ile.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tano.

"Saini, dada," Mkuu alirudia. "Mashine imeshasema."

"Imesema sifuri."

"Ndiyo. Furahi basi."

"Mkuu, wiki tatu zilizopita sumu ilikuwa mara tisa ya kikomo cha usalama. Wiki iliyofuata mara nane. Iliyofuata mara saba. Chaza huitoa sumu hii polepole, kama blanketi linavyokauka siku ya mawingu. Leo iwe sifuri? Imekwenda wapi?"

"Imeisha."

"Haiishi hivyo."

Mkuu alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya tai. Kila akitaka kumuumiza mtu, huanza na miwani.

"Unajua tatizo lako? Wewe hukusoma kazi hii, uliizoea tu. Ulikuja hapa kufagia vizimba vya panya."

Hilo lilikuwa kweli, na wala Sindano hakulionea haya. Zamani, kabla ya mashine, supu ya chaza ilidungwa kwenye tumbo la panya, na mtu alikaa na saa akihesabu dakika mpaka panya akate roho. Kadiri alivyokufa haraka, ndivyo sumu ilivyokuwa kali. Aliyekuwa akishika bomba la sindano ni yeye, na jina likamganda. Mengine alijifunza mwenyewe, kwa kusoma vitabu vya wenzake walipokwenda kula.

"Siku hizi kuna mashine," Mkuu aliendelea. "Mashine haina kaka. Haina wifi wa kugombana naye."

"Mimi ninaye kaka," Sindano alisema, akaiweka kalamu mezani taratibu. "Ndiyo maana sisaini."

Mkuu akaivuta karatasi ya pili, akasaini yeye mwenyewe mahali pa mpimaji na mahali pa mkuu, mara mbili, kwa mkono uleule. Kisha akanyoosha kiganja.

"Kitambulisho. Ufunguo wa chumba cha mashine. Una nusu saa ukusanye vitu vyako, halafu mlinzi atakutoa."

Miaka kumi na tisa ya kazi, na unga ukamwagika kwa sentensi tatu.

* * *

Kwenye korido alimpigia kaka yake. Simu iliita mara moja tu.

"Kaka, usile wale chaza. Nakuomba."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi. Dada yako."

"Mimi sina dada. Nilikuwa na mmoja, akanifungia ghuba, chaza wangu wakazeeka kwenye kamba huku yeye anakula kiyoyozi. Huyo nimeshamzika."

"Kaka…"

"Saa sita utaniona kwenye habari. Nitakula na kidole nilambe."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikuita kabisa. Kaka alikuwa ameifungia namba yake.

Sindano akasimama, simu mkononi, akafikiri. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Mashine ile anaijua, haidanganyi. Basi kama mashine imesema kweli na ghuba nayo ina sumu, kuna kitu kimetokea katikati. Na katikati ya ghuba na mashine kuna mtu mmoja tu.

Ni Mpishi.

Tuseme jambo moja la haki hapa. Sampuli za wiki hii Sindano hakuzigusa. Mkuu alimkataza kwa sababu ni za ndugu yake, na katazo lenyewe halikuwa baya. Kazi ya kuwafungua chaza na kuwasaga akapewa mtu mpya, aliyeajiriwa siku tano zilizopita kuziba pengo la mzee aliyestaafu. Mtu mzima, mnene, mcheshi, aliyetoka jiko la hoteli iliyofungwa. Walimchukua kwa kuwa anafungua chaza sitini wakati mwenzake anahangaika na sita.

Sindano alisukuma mlango wa chumba cha maandalizi bila kubisha.

"Wamekupa nini?"

Mpishi aligeuka, kisu mkononi, aproni imelowa.

"Kina nani, Dada Sindano?"

"Usijitie hamnazo. Kaka yangu na mkewe. Wamekupa nini mpaka ukabadilisha chaza?"

Uso wa Mpishi ukabadilika rangi. Akakiweka kisu chini kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe.

"Miaka kumi na miwili nimesimama jikoni," alisema, "na sijawahi kulamba hata mchuzi wa mgeni. Kaka yako simjui. Mkewe nimemwona mara moja pale kaunta, akaniita tumbo la mapacha. Unadhani mtu anahonga kwa lugha hiyo? Usinivunjie heshima, dada."

Sindano alimtazama machoni. Uongo anaujua anapouona. Huyu hakuwa na uongo, alikuwa na hasira tu.

"Basi nionyeshe," alisema, sauti imeshuka. "Pale kwenye ndoo kuna chaza wa mazoezi. Fungua mmoja vilevile ulivyofungua wale wa ghuba. Usipunguze, usiongeze."

"Kama mtihani?"

"Kama kawaida."

Mpishi akamchukua chaza, akaingiza ncha ya kisu kwenye bawaba, akakizungusha mara moja. Gamba likaachia. Akaikata nyama ikatoka nzima, bila kuchanika. Ilipendeza kutazama.

Kisha, kwa ncha ileile, akachokoa katikati ya nyama akatoa kifuko kidogo cheusi. Akakitupia kwenye bakuli la pembeni. Akaiosha nyama bombani, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaiinua kwenye mwanga.

"Safi. Hata waziri anakula."

Sindano akaliinamia bakuli.

"Hicho ulichotoa ni nini?"

"Uchafu. Tumbo lake."

"Nani alikuambia ukitoe?"

"Aniambie nani? Hotelini ukipeleka chaza na weusi wake, mgeni anarudisha sahani na meneja anakurudishia matusi. Nikaona hapa ni maabara, watu makoti meupe, usafi kila kona. Nikasema nisije nikaonekana mchafu wiki ya kwanza."

"Na wale wa ghuba?"

"Wote. Mmoja mmoja. Nilitumia saa nzima." Bado alikuwa na fahari kidogo. "Kuna tatizo?"

Tatizo, msomaji, lilikuwa ndani ya bakuli. Chaza ananywa maji ya bahari kutwa nzima, anachuja vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijimea hivyo ndivyo chakula chake. Majira mengine vijimea vyenye sumu hufurika majini. Chaza mwenyewe havimdhuru. Anavila, anashiba, na sumu anaihifadhi. Karibu yote anaiweka kwenye kile kifuko cheusi.

Ndiyo maana maabara husaga chaza mzima, na tumbo lake, na weusi wake. Mteja wa sokoni hamchokoi kwa ncha ya kisu. Anammeza.

"Umeosha sumu," Sindano alisema. "Umeiosha kwa mkono wako, ukaipa mashine nyama ya hotelini. Ndiyo maana ikasema sifuri."

Mpishi alilitazama bakuli kana kwamba limemwita kwa jina.

"Hakuna aliyenifundisha," alisema.

"Najua. Mimi ndiye niliyepaswa kukufundisha, na nilikatazwa kuingia humu." Akavuta pumzi. "Nimekusingizia, kaka. Nisamehe. Ule weusi wa ghuba uliutupa wapi?"

"Sikutupa. Mimi situpi chakula. Niliupeleka kwa paka wangu."

"Paka wako wako wapi?"

"Wanne," Mpishi alisema polepole. "Huja dirishani kila asubuhi kabla sijavaa viatu. Leo…" Akafuta uso kwa mkono wenye maji. "Leo sikuwaona hata mmoja."

* * *

Ufunguo wa chumba cha mashine haukuwapo. Lakini kulikuwa na friza, na ndani ya friza kulikuwa na sampuli ya akiba.

Ni utaratibu wa maabara. Nusu ya kila sampuli haifunguliwi. Chaza hugandishwa na magamba yao ndani ya mfuko wenye lakiri, ili siku ya ubishi mtu apate pa kurudia. Lakiri hiyo hukatwa kwa saini mbili. Sindano aliikata kwa mkasi.

"Hilo si kosa?" Mpishi aliuliza.

"Ni kosa. Fungua, saga."

Safari hii wakasagwa wote, weusi na weupe pamoja, mpaka ukawa uji wa kijivu. Sindano akautia asidi kidogo, akauchemsha dakika tano, akaupoza kwenye barafu, akauchuja. Mikono yake ilikwenda kwa mpangilio uleule wa miaka yote. Kutoka kwenye droo akatoa kijiti cha plastiki chenye kidirisha katikati. Mashine husema sumu ni kiasi gani. Kijiti husema ipo au haipo. Kwa leo kilitosha.

Akadondosha matone manne.

"Mistari miwili ikitokea, ni salama," alisema. "Mmoja ukitoweka, ni sumu."

"Kwetu mke wangu alipima, ikatoka mistari miwili, nikazimia."

"Leo omba iwe miwili."

Mlango ukagongwa. Mlinzi.

"Dada, nusu saa imepita. Toka."

"Dakika kumi, kaka."

"Nimeambiwa nusu saa. Sikuambiwa dakika kumi. Tusivutane."

Kitasa kikageuka. Mpishi akaenda akaujaza mlango kwa kifua chake.

"Ndugu yangu, sakafu imelowa asidi. Ukiingia na viatu hivyo utatoka bila soli."

"Nitamwambia Mkuu."

"Mwambie. Na viatu umwambie akununulie yeye."

Walitukanana pale mlangoni, kwa sauti ya chini kwanza, baadaye kwa sauti ya sokoni. Sindano hakugeuka. Alikitazama kidirisha. Mstari wa kwanza ukajichora mwekundu, wazi. Akangoja. Dakika tano. Nane. Kumi.

Mahali pa mstari wa pili palibaki peupe pe.

Alikiinua kijiti akapita katikati ya wanaume wale wawili kama vile ni pazia.

* * *

"Barua iko wapi?"

Mkuu hakuinua macho. "Mlinzi hakukuona?"

"Barua ya kufungua ghuba, Mkuu. Usiitume. Chaza walitolewa matumbo kabla ya kusagwa. Mpishi hakujua. Nimepima sampuli ya akiba, nzima. Tazama mwenyewe."

Akakiweka kijiti juu ya meza. Mkuu akakitazama bila kukigusa.

"Sampuli ya akiba ina lakiri."

"Nimeikata."

"Bila saini yangu."

"Mkuu, kuna watu watakula…"

"Umevunja lakiri ya serikali siku uliyofukuzwa kazi, kwa ajili ya kesi ya ndugu yako." Alisema taratibu, kama anayejaribu maneno atakayoyasema mahakamani. "Na unaniletea kijiti. Kijiti cha wapi? Nani alikiona kikipimwa? Mpishi?"

"Rudia wewe mwenyewe kwa mashine. Ufunguo unao."

"Barua ilishaondoka kwa mtandao. Saa nne na robo, ulipotoka tu mlangoni."

Akakichukua kijiti kwa vidole viwili, akakitumbukiza ndani ya glasi yake ya maji. Wino mwekundu ukaanza kuachia kama uzi.

"Sioni mstari wowote," alisema.

Katika miaka yote ile Sindano hakuwahi kumnyanyulia mtu sauti ofisini. Alifungua mdomo amwambie neno ambalo pengine asingeweza kulirudisha. Kabla halijatoka, simu yake ikalia.

Aliyepiga alikuwa wifi yake, mke wa kaka.

"Wifi yangu mpenzi!" Sauti ilipasuka mpaka Mkuu akaisikia. Nyuma yake kulikuwa na kishindo cha masufuria na watu wanaocheka. "Daktari wa chaza! Bingwa wa kufungia watu riziki! Barua yako imefika, tumeibandika ukutani, nikitaka kucheka naitazama."

"Wifi, nisikilize…"

"Sikusikilizi! Wiki tatu umenisikilizisha. Umemkondesha mume wangu. Watu wanatupita njiani kama tuna ukoma, kisa wivu wako. Tangu siku ya harusi yetu hukunipenda, ukanikaribisha kwa mdomo umeubinua!"

"Tusi lolote nalipokea, utanitukana mpaka uchoke. Kaka asile chaza. Saa sita bado. Mwambie asubiri."

Wifi akacheka, kicheko kirefu.

"Saa sita ya nini? Ameshakula! Barua ilipoingia tu, akasema hangoji waandishi. Alikula palepale jikoni, sahani mbili, kwa hasira yako wewe. Na matumbo yake na kila kitu. Wageni ndio wanapakuliwa sasa hivi."

Sindano aliitazama saa. Saa tano na dakika tano.

"Alikula saa ngapi?"

"Nne na dakika ishirini. Unataka kuandika?"

Dakika arobaini na tano.

"Wageni wasiguse hata mmoja. Zuia sahani, wifi. Na wewe, umekula?"

"Mimi nilionja supu tu. Vijiko viwili vitatu, kuangalia chumvi."

"Supu ndiyo hiyohiyo. Kuchemsha hakuiondoi, inahamia kwenye supu. Midomo yako unaisikiaje?"

"Inanichonyota kwa kukutukana wewe! Tangu asubuhi natukana, hata ulimi umekuwa mzito. Na huo nao utasema ni ugonjwa?"

Mkuu alikuwa amevaa miwani yake tena. Sindano alimtazama usoni wakati akiongea, ili asikie kila neno.

"Ndivyo inavyoanza, wifi. Midomo kwanza. Halafu vidole, halafu miguu inakuwa kama si yako. Mwisho kifua kinasahau kupumua. Akili haipotei, mtu anajua kila kitu. Haina dawa ya kuiua. Kuna mashine ya kupumulia tu, hospitali, mpaka itoke mwilini. Mwingizeni kaka kwenye gari sasa hivi, na wewe upande. Waambieni madaktari ni sumu ya chaza."

Sauti ya wifi ikarudi, kali vilevile, ila maneno yakawa yanagongana.

"Unatuombea mabaya mpaka kwenye simu. Ngoja nimfungulie spika, yuko hapahapa, asikie dada yake anavyomtakia kifo. Amekaa kitini tangu muda ule, eti miguu imechoka, kakataa kusimama hata kuwasalimia wageni. Baba watoto! Mjibu huyu! Mwambie umekula na hukufa!"

Sindano alisubiri. Mkuu naye alisubiri, mkono wake umeganda karibu na glasi.

"Mjibu basi," wifi alisema.

"Anaitazama simu," wifi alisema tena, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yake sauti yake haikuwa na makali. "Anakusikia. Wifi… mbona anafungua mdomo tu?"